Maswali Thelathini kwenye Trei ya Mayai

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Saa nne na robo Nyapara akapuliza filimbi, tukashuka wote, kwa sababu zege halimwagwi kwenye mvua. Tunajenga minara ya kuhifadhia nafaka. Minne imekwisha. Huu wa tano umefika katikati, na ukisimama chini yake ukautazama, kofia inakudondoka.

Nimenunua daftari hili ili nisigombane na watu. Mvua ikishika, watu themanini kwenye mabweni manne ya mabati huanza kuchukiana hata kwa namna mtu anavyopiga mswaki. Niliishia darasa la sita, ila mwandiko wangu unasomeka, na nimegundua kwamba nikiliandika jambo, hasira inapoa. Miezi kumi na minne sijafika nyumbani.

Kitanda cha juu ni changu. Cha chini ni cha shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwita huku mwaka jana. Tunaitana shemeji kwa shemeji, na bweni la tatu zima linatuita Mashemeji, kama jina la duka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kampuni imetuletea Afisa Ustawi, mwanamke kijana mwenye buti mpya ambazo bado zinalia akitembea. Alikuja na sanduku la karatasi anazoziita dodoso la tabia. Maswali ni arobaini. Ukimaliza, unahesabiwa alama, halafu unaambiwa wewe ni mmoja wa watu wa aina nne: Msukumaji, Mpimaji, Mwunganishi au Mtulivu. Alisema si mtihani. Mtu akijijua atajirekebisha, na kampuni ikimjua itampa kazi inayomfaa.

Nilimwona ni mtoto wa ofisini aliyekuja kutupima kama magunia. Lakini alipouliza nani anasoma vizuri, Kasuku, yule mpiga domo wa kitanda cha mlangoni, alininyooshea kidole: "Huyo hapo, Karani wetu. Akipata barua ya mkewe anaisoma hadi muhuri." Basi nimepewa kazi ya kuwasomea wenzangu na kuwajazia. Bwenini tuko ishirini, na kumi na mmoja hawaziwezi karatasi za namna ile.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma maswali arobaini nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kila mtu akijibu kitandani kwake na mimi natia alama. Ili tusikeshe nilifanya hivi: nasoma swali mara moja kwa sauti, wanajibu kwa zamu kuanzia mlangoni, nazungusha kalamu. Hata wale wanaosoma walijiunga, maana ilikuwa na raha yake, kama mchezo.

Swali la kumi na saba liliuliza kama unaweza kufanya kazi mahali pa juu sana bila hofu. Kasuku akasema yeye ni ndege, akiogopa juu atataga wapi. Watu wakacheka, na wote waliofuata wakasema ndiyo, tena kwa sauti nene. Ikafika zamu ya shemeji. Alikuwa anashona kifungo cha shati, wala hakuinua uso.

"Andika ndiyo."

"Una hakika?"

"Shemeji, andika. Watu wana njaa."

Nikaandika ndiyo.

Hapa si mbele ya watu, kwa hiyo nitasema kweli. Nilijua. Mwaka ule tulipoezeka nyumba ya baba mkwe kwa mabati, siku tatu nzima shemeji alikuwa chini anatupitishia misumari. Tulipomwita apande, alisema anakwenda kuazima nyundo, akarudi saa kumi jioni bila nyundo. Na kitanda cha juu alikikataa siku ya kwanza alipofika huku, akasingizia mgongo. Haya yote yalinipitia kichwani kalamu ikiwa hewani. Lakini macho ya watu kumi na wanane yalikuwa juu yetu, na mtu hamwaibishi ndugu wa mkewe hadharani.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimefua nguo, hazikauki.

Jumanne, 12 Machi

Majibu yametoka. Mimi ni Mtulivu. Karatasi inasema: "Hukaa kimya, huleta amani, hutegemewa na wenzake." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima. Nimeukata na kuubandika ukutani juu ya mto wangu.

Shemeji ni Msukumaji. Wasukumaji waliojibu ndiyo swali la kumi na saba wamehamishiwa kikosi cha juu, wale wanaofunga nondo na kumwaga zege mnarani. Ni watu wa heshima hapa. Wana buti nzuri na wanatangulia kwenye foleni ya chakula. Wenzake walimpiga mgongoni kumpongeza, naye akacheka kwa meno tu.

Nilimpigia mke wangu simu kumpa habari njema. Akaniuliza, "Mdogo wangu gani huyo wa juu?" Nikamwambia watu hubadilika. Akaniuliza kama navaa sweta.

Ijumaa, 15 Machi

Jua kidogo. Shemeji alipanda. Alishuka. Hakula.

Jumapili, 17 Machi

Mzee Mpishi amesikia habari za dodoso, akaniita jikoni kunionyesha kitabu chake. Ni kijitabu cha kurasa chache, kimelowa mafuta, alichopewa yeye na mkewe kwenye semina ya wanandoa miaka mingi iliyopita. Ndani mna maswali ishirini, karibu yote ni ya mtu akiwa amekasirika: je, unanuna, unafoka, unatoka nje, unamsema mwenzio kwa jirani? Nilimwuliza yeye alipata nini. Akasema alipata ukali, mkewe akapata subira, na njiani kurudi waligombana hadi mlangoni juu ya nani kadanganya.

Halafu akaniambia jambo ambalo limenikaa. Dodoso la Afisa linamwuliza mtu akiwa amevaa shati la kwenda kanisani. Kijitabu chake kinamwuliza siku chumvi imekwisha. Ukitaka kumjua mtu, unahitaji vyote viwili.

Nimekiazima.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa. Nilimsomea Kasuku kile kijitabu. Amepata "humsema mwenzio kwa jirani", akanuna, halafu akaenda kunisema kwa jirani.

Jumamosi, 23 Machi

Siku nne sina kazi ya mikono, nimekuwa nikiunganisha madodoso mawili kuwa moja. Sikujua kwamba ni kazi ngumu hivi. Kwanza niliyatupa maswali yote yenye "kwa kiasi fulani" na "mara nyingine", kwa sababu hapa mtu akiulizwa kama amekula hajibu kwa kiasi fulani. Pili niliyavika nguo zetu. Swali la Afisa lilisema: "Je, hujali mahitaji ya wengine katika matumizi ya rasilimali?" Mimi nimeandika: "Maji ya kuoga yamebaki nusu pipa na watu sita hawajaoga. Je, unaoga kama kawaida?" Tatu niliongeza ambayo hakuna karatasi iliyouliza. Mojawapo ni kama umewahi kulia tangu ufike hapa.

Nikalijaribu hilo kwa njia ile ile ya kusoma kwa sauti. Watu wote, kuanzia mlangoni, wakasema hapana. Kasuku naye akasema hapana, ilhali Desemba nilimkuta mwenyewe nyuma ya ghala la saruji, simu mkononi, amelia mpaka kola imelowa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba siku ile ya tarehe saba sikuwauliza watu ishirini. Nilimwuliza mtu mmoja mwenye midomo ishirini.

Sasa nifanyeje, na kumi na mmoja hawasomi? Jawabu nimelipata kwa Mzee Mpishi, amezirundika trei za mayai nyuma ya mlango. Trei moja ina vishimo thelathini. Nikachukua waya wa kufungia nondo, tunao mabunda, nikaukata vipande vya urefu wa kidole. Kila mtu apewe trei yake na vipande thelathini, ageukie ukuta. Mimi nasoma swali. Kama jibu ni ndiyo, anaupinda waya. Kama ni hapana, anauacha umenyooka. Anauweka kwenye kishimo kinachofuata, anafunika kwa trei ya pili. Hakuna anayemwona mwenzake wala kumsikia.

Jumapili, 24 Machi

Tumejaribu. Watu kumi na wanane, migongo inatazamana, bweni kimya kama msikitini. Wamelia kumi na wanne.

Nilipowaambia idadi, bila kumtaja mtu, mmoja akaanza kucheka na wengine wakafuata, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Nimepanga hivi: maswali ishirini unajijibia mwenyewe, kumi ya mwisho unamjibia anayelala karibu nawe. Kila mtu baadaye anakaa nami ghalani, namwonyesha alivyojiona na alivyoonwa. Ya kwenye trei hayasemwi nje. Nimeapa mbele ya wote. Kasuku amejua kwamba utani wake kuhusu mguu mbovu wa Mzee Mpishi haumchekeshi mtu. Alitoka ghalani ameinamisha kichwa. Leo amembebea Mzee kuni bila kuombwa.

Aliyekataa ni shemeji. Alisema yeye ameshapimwa.

Jumanne, 26 Machi

Afisa Ustawi amesikia, amekuja. Nilidhani atanikemea. Aliketi juu ya ndoo, buti zake sasa zina tope kama zetu, akaomba ajibu na yeye. Alipinda nyaya nyingi. Kisha akaniuliza maswali kama mwanafunzi: kwa nini hili nimeliweka mwanzo, kwa nini lile nimeliuliza mara mbili kwa maneno tofauti. Aliniambia chuoni walifundishwa kwamba dodoso zuri halimpi mtu jina la kuvaa, humpa mlango wa kutokea. Nimemwonea haya kwa yale niliyomfikiria.

Alhamisi, 28 Machi

Shemeji amenifokea kwa sababu ya ndala. Siku anazopanda mnarani hanywi hata chai. Nimemwacha. Mimi ni mtulivu.

Jumapili, 31 Machi

Leo, wenzetu wakiwa wameenda sokoni, shemeji amechukua trei mwenyewe na kusema, "Soma." Nikasoma thelathini yote, yeye amegeukia ukuta. Alipomaliza akanikabidhi, akatoka nje kwenye manyunyu.

Swali la kumi na moja linasema: "Je, kuna kazi unayopangiwa hapa ambayo ukiifikiria asubuhi, tumbo linakukataa?" Waya wa wengine waliojibu ndiyo umepindwa mara moja. Wake ameusokota mpaka umekuwa kama punje ya pilipili manga.

Ningetaka kuandika kwamba hilo ndilo lililoniuma kwanza. Silo. Niliruka mbele kutazama amenijibiaje mimi. Swali la ishirini na nne: "Je, jirani yako husema jambo wakati linapotakiwa kusemwa?" Waya umenyooka kama rula. Nimekaa ghalani kitambo nikiutazama waya huo na kutafuta makosa yake yeye. Nyani haoni kundule.

Jumatatu, 1 Aprili

Sijasema kitu. Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Sijasema. Nimeapa mbele ya watu kwamba ya trei hayasemwi. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatano, 3 Aprili

Kesho.

Alhamisi, 4 Aprili

Asubuhi kulikuwa na manyunyu mepesi, yakakatika, Nyapara akaamua tufanye kazi. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kuchanganyia zege, nasukuma toroli. Mabomba ya kiunzi yalikuwa bado yanang'aa maji. Kikosi cha juu kikapanda, shemeji akiwa wa mwisho.

Kati ya jukwaa la sita na la saba akasimama. Kwanza tulidhani anapumzika. Kisha tukaona amelikumbatia bomba kwa mikono yote miwili, na uso ameukandamiza pale, macho amefumba. Wa juu wakamwita. Hakujibu. Kasuku akaanza kusema neno, akalimeza. Mimi nilitaka kumwita kwa jina lake, lile analoitwa na mama yake, sikumwita. Nilisimama nimeshika mikono ya toroli na zege linaanza kukaza.

Nyapara akaja. Niseme nilivyokuwa nikimjua mtu huyu: mfupi, filimbi shingoni, hajawahi kumwambia mtu asante. Niliamini kabisa kwamba tabia yake haihitaji dodoso. Akavua koti la mvua, akavaa mikanda yake miwili ya usalama, akapanda bila haraka. Alipomfikia, alimfunga shemeji kwa mkanda mmoja na yeye kwa mwingine. Halafu hatukusikia tena kitu, tuliona tu mdomo wake uko karibu na sikio la shemeji. Muda mrefu ukapita. Mguu mmoja wa shemeji ukashuka ngazi moja. Ukapita muda mwingine. Mguu wa pili.

Ilichukua karibu saa nzima. Shemeji amenieleza baadaye alichokuwa akiambiwa. "Hesabu nati zilizo mbele ya pua yako. Ukifika kumi, shusha mguu mmoja. Usiniambie unajisikiaje, niambie umefika ngapi."

Walipogusa ardhi shemeji alikwenda moja kwa moja chooni. Nyapara akatugeukia, tulikuwa kama sitini tumesimama. Akasema, "Ana homa. Rudini kazini." Na kila mtu aliyesimama pale alijua kwamba si homa.

Ijumaa, 5 Aprili

Shemeji amepewa siku mbili za kulala. Nyapara amepita kumwona, amesimama mlangoni, amesema Jumatano tunamwaga zege la juu kabisa, ukanda wa kufungia mnara, na zege hilo halikatizwi likishaanza. Kila mkono wa kikosi cha juu umehesabiwa. Homa iwe imekwisha. Hakusema kwa ubaya. Nadhani anaamini mtu akiokolewa mara moja hofu inaisha.

Alipoondoka nikamwambia shemeji niende nikaseme.

"Ukaseme nini?"

"Ulichokisokota."

Akainuka kitandani. Alisema akishushwa leo, kesho watu wa kwetu walio mabweni mengine watapiga simu, na mama yake atasikia kwamba mwanawe ametetemeka juu ya bomba kama kifaranga. Nikamwambia bora asikie hilo kuliko asikie lingine. Sikulimalizia.

"Uliapa," akaniambia. "Ya trei hayasemwi. Au kiapo chako ni cha watu wengine?"

Akanishika pale.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimefikiri tangu alfajiri. Trei yake siwezi kuisema. Lakini karatasi ya tarehe saba Machi si siri ya mtu. Ile niliandika mimi, kwa kalamu yangu.

Saa tatu nilikwenda kwenye kontena la ofisi. Afisa alikuwa anakunywa chai, Nyapara anakunja ramani. Nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa kosa.

"Karatasi za bweni la tatu ni za uongo," nikasema. "Na mwongo ni mimi."

Nikaeleza yote: kwamba nilisoma kwa sauti mbele ya watu ishirini, kwamba swali la kumi na saba hakuna mwanamume aliyeweza kulijibu hapana akisikiwa na wenzake, na kwamba kuna mmoja ambaye nilijua jibu lake, nikaandika kinyume. Nyapara akauliza ni nani, ingawa macho yake yalionyesha anajua. Nikamwambia sitamtaja. Awaulize wote wa kikosi cha juu upya, mmoja mmoja, kwa trei.

"Leo Jumamosi," akasema. "Jumatano namwaga zege. Unataka nijenge mnara na akina nani?"

Afisa alikuwa bado anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Yale majibu alishayapeleka makao makuu na sahihi yake chini. Akasema, kama anajisemea, kwamba akiandika amekosea, wataanza kuuliza amekosea mara ngapi. Nilifikiri atakataa, na nilikwisha kumsamehe. Akaweka kijiko. "Nitaandika," akasema. "Karani ameniaibisha, amekuja mwenyewe."

Nyapara hakusema ndiyo. Alisema nitoke, halafu akaniita nikiwa mlangoni akaniuliza trei ngapi zitatosha.

Jumatatu, 8 Aprili

Wamejibu watu kumi na wanne, ghalani, mmoja mmoja, pamoja na shemeji. Nilisoma maswali kutoka nje ya mlango, la kwanza likiwa kama juu wanaogopa, ili hata mimi nisione. Trei zilifunuliwa na Nyapara na Afisa peke yao.

Watano.

Nyapara alitoka ghalani ameshika filimbi mkononi badala ya kuivaa. Akaniambia, "Watano. Na mimi nilikuwa nalala usingizi." Halafu, wakati Afisa amesogea, akaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini anavaa mikanda miwili. Nikasema nilidhani ni kutupa mfano. Akasema mfano ni wa mkanda wa kwanza, wa pili ni wa woga wake.

Jioni ametangaza mabadiliko. Watano wameshushwa, watano wamepandishwa kutoka chini, wale ambao Nyapara amewauliza faragha, mmoja mmoja, wakasema juu hawaogopi, na wenyewe wamekubali. Hakueleza sababu. Mmoja wa waliopandishwa ni mimi. Juu siogopi, sijawahi kuogopa. Sikufikiri kitakachofuata.

Shemeji alikuwa anakusanya nguo zake. Anahamia bweni la kwanza. Aliniambia neno moja tu, taratibu, bila hasira, na ndiyo maana limeingia ndani zaidi.

"Umenishusha ukapanda wewe."

Jumatano, 10 Aprili

Tumemwaga zege tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mbingu ilitishia adhuhuri, ikatema matone, ikaacha. Kutoka juu watu ni kofia tu. Nilikuwa naiona moja ya njano, ya shemeji, kwenye mashine ya kuchanganyia, haikutoka pale hata wakati wa chakula. Kila ndoo ya winchi iliyofika kwetu ilikuwa na zege zuri, halina maji mengi, halina ukavu. Mara moja kofia ile iliinuliwa, akatazama juu. Nilipunga mkono. Akarudi kwenye koleo.

Hakuna aliyeanguka.

Ijumaa, 12 Aprili

Hajasema nami.

Jumanne, 16 Aprili

Hajasema nami. Nimeung'oa ule mstari wa "hukaa kimya, huleta amani". Si kwamba ni uongo. Kimya nakijua. Ila nimetazama nyuma, na kila niliponyamaza, amani iliyopatikana ilikuwa yangu mimi.

Alhamisi, 18 Aprili

Afisa amepata barua kutoka makao makuu. Wamemkaripia mstari mmoja, na mistari sita wamemwuliza hizo trei zinafanyaje kazi. Alinisomea akicheka, macho yamelowa. Ameniomba nimsaidie kuandika maelezo. Nimemwambia aandike jambo moja kwanza kabisa: anayejibu asijibu mbele ya watu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimempigia mke wangu na kumweleza kila kitu, pamoja na sehemu yangu. Alisikiliza. Nilitegemea anilaumu kwa kumdhalilisha mdogo wake.

"Mlipokuwa mnaezeka kwa baba, nilimwona," akasema. "Na wewe nilikuona ukimwona."

Kisha akasema nimwache, atarudi, yeye huwa anarudi mwenyewe kama paka.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua zimepungua. Kasuku ameniletea ujumbe kwamba bweni la kwanza wamepika trei zao na shemeji ndiye anawakatia waya. Nilimwambia trei hazipikwi. Akasema, "Wewe pokea habari, usisahihishe."

Jumapili, 28 Aprili

Jua tangu asubuhi. Nilikuwa bombani nasugua buti. Shemeji akaja na soksi zake, akafungua bomba la pili, akaanza kufua. Tulifua muda mrefu. Ndipo akasema bila kunitazama:

"Ulijua siku ile unaandika."

"Nilijua."

"Ungeandika hapana, ningekukana mbele ya watu wote."

"Ungenikana."

"Lakini ungeandika."

"Ilinipasa niandike."

Akakamua soksi. Aliniambia kwamba pale juu, akihesabu nati, alikuwa ananilaani mimi katikati ya hesabu, na Nyapara akamwuliza mbona amerudia saba mara mbili. Tukacheka kidogo, kwa tahadhari, kama watu wanaojaribu ubao kama utawabeba. Kisha akaniambia nimeuliza watu bweni zima, nimemwuliza hata Afisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

"Wewe unaogopa nini?"

Nilitaka kumjibu kwa utani. Nikatazama kushoto na kulia, hapakuwa na mtu.

Nikamwambia naogopa kwenda nyumbani. Likizo nilipewa Desemba, nikasema kazi ni nyingi, nikabaki. Hata mke wangu hajui kwamba nilipewa. Yule mtoto wetu mdogo nilimwacha anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Sasa akipewa simu anajibu kwa adabu, kama anavyofundishwa kujibu wageni. Naogopa nitaingia uani, atakimbia kumwita mama yake aje amwone mtu. Kila mwezi unaopita unaongeza woga huo, na woga unaongeza mwezi. Siku zote nimekuwa nikiuita uvumilivu.

Shemeji hakuniambia mtoto atanizoea. Alianika soksi moja, akaanika ya pili, akazinyoosha vidole.

"Mimi ni mjomba wake," akasema. "Mimi nilimbeba mgongoni mwaka jana kabla sijaja, ananijua. Tuombe likizo pamoja. Kufika, mimi natangulia kuingia, wewe unakuja nyuma yangu taratibu."

Nikasema sawa. Sauti ilinitoka nyembamba, akajifanya hajaisikia.

Saa nane nimekwenda ofisini kwa Afisa kuandikisha jina langu kwenye likizo ya Mei. Nimeandika na lake, baada ya kumwuliza shemeji mara mbili, tukiwa wawili tu.